Picha ya Mama wa Msaada wa Daima na deni la Krete

Ni picha chache za kidini zilizozoeleka Afrika Mashariki kama hii. Mama aliyejitanda vazi la samawati iliyokolea amempakata Mtoto Yesu. Mtoto ameugeuza uso pembeni kama aliyeona kitu cha kumtisha, ameushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili, na kiatu cha mguu wa kulia kimemvuka, kinaning'inia kwa kamba. Juu yao, kushoto na kulia, wapo malaika wakuu wawili waliobeba vyombo vya mateso: Gabrieli ana msalaba na misumari, Mikaeli ana mkuki na sifongo ya siki. Tunaiona kwenye kadi za sala, kwenye kalenda za parokia, kwenye kuta za sebule na kwenye vitenge vinavyoshonwa kwa sikukuu ya somo. Kila tarehe 27 Juni parokia zinazobeba jina la Bikira Maria Mama wa Msaada wa Daima huadhimisha, na novena yake husaliwa na watu ambao huenda hawajui novena nyingine. Ubao wenyewe uliochorwa kwa mkono, mdogo kuliko wengi wanavyodhani, wenye urefu wa sentimita 54 hivi na upana wa sentimita 41, uko Roma, juu ya altare kuu ya Kanisa la Mtakatifu Alfonsi, barabara ya Via Merulana. Kwamba picha hiyo ina sifa ya miujiza, Wakatoliki wengi wanalijua. Kwamba hati ya kale iliyokuwa ikitundikwa pamoja nayo inasema iliibwa kanisani, wengi hawajaambiwa. Naandika kusema kwamba waambiwe, na kwamba Kanisa, kwa kufuata hoja ileile liliyoitumia mwaka 1866 kuikabidhi picha hiyo kwa wanaoitunza leo, lina sababu ya kuirudisha Krete.

Hati hiyo, iliyoandikwa juu ya ngozi na ambayo maneno yake yamehifadhiwa kwa nakala, haijaribu kuficha chochote. Inasimulia kwamba mfanyabiashara mmoja aliichukua picha kutoka katika kanisa moja kisiwani Krete, ambako tayari ilikuwa na sifa ya miujiza, akaificha kati ya bidhaa zake na kusafiri nayo. Baharini walipigwa na dhoruba. Alipofika Roma aliugua, akamwomba rafiki yake Mroma aipeleke picha katika kanisa ambako watu wangeiheshimu. Rafiki akaahidi, mkewe akaipenda, akaitundika chumbani. Bikira Maria, inaendelea hati, alimtokea mwenye nyumba zaidi ya mara moja bila kusikilizwa, mwisho akamtokea binti yake wa miaka sita na kuagiza kwamba picha iwekwe katika kanisa lililo kati ya Basilika ya Maria Mkuu na ile ya Mtakatifu Yohane wa Laterani. Kanisa hilo lilikuwa la Mtakatifu Mathayo. Tarehe 27 Machi 1499 picha ilipelekwa huko kwa maandamano. Katika masimulizi yanayosomwa siku za novena, tendo la mfanyabiashara yule hupitiwa haraka ili tufike kwa binti na maono yake, na wizi unabaki kama njia tu ambayo Mungu aliitumia kuifikisha picha Roma.

Ubao wenyewe unaunga mkono sehemu ya Krete. Herufi zilizo juu yake ni za Kigiriki: kifupi cha Mama wa Mungu, kifupi cha Yesu Kristo, na vifupi vya majina ya malaika wawili. Mtindo wake ni wa wachoraji wa mji wa Candia, ambao leo unaitwa Heraklion, wakati Krete ikiwa chini ya dola ya Venice. Sura hii ya Mama mwenye malaika wa mateso inaonekana mapema zaidi kisiwani Kupro, katika kanisa la Lagoudera lililochorwa mwaka 1192, lakini aliyeisambaza kwa ustadi mkubwa ni Andreas Ritzos, mchoraji wa Candia wa karne ya 15, ambaye kazi zake zinafanana nayo sana. Picha ilipofanyiwa ukarabati katika miaka ya 1990, vipimo viliuweka ubao kati ya mwaka 1325 na 1480, na ilionekana kwamba baadhi ya rangi tunazoziona si za mkono wa kwanza. Kwa hiyo hata ubao unaoitwa wa asili umepitia mikono kadhaa, jambo litakalokuwa na uzito tukifika kwenye suala la nakala.

Kwa miaka 300 hivi picha ilikaa kwa Mtakatifu Mathayo, mikononi mwa Waagostiniani, na katika sehemu ya mwisho ya muda huo Waagostiniani wa kutoka Ireland. Kisha mwaka 1798 majeshi ya Ufaransa yaliyoiteka Roma yakaamuru makanisa kadhaa yabomolewe, la Mtakatifu Mathayo likiwemo. Watawa wakaibeba picha, wakahama nayo, hatimaye ikawekwa katika kikanisa cha ndani cha nyumba yao ya Santa Maria in Posterula, karibu na mto Tiber. Kanisa hilo lilikuwa na picha yake nyingine ya Maria iliyopendwa, kwa hiyo hii ya Krete ikasahaulika kabisa. Aliyeikumbuka ni bruda mmoja mzee, Agostino Orsetti, aliyekuwa ameishi kwa Mtakatifu Mathayo kabla ya kubomolewa. Macho yalikuwa yamemfifia. Kila alipopata nafasi alimwambia mtumishi wa altare, mvulana aitwaye Michele Marchi, kwamba picha ile ya kikanisani ndiyo ile ya Mtakatifu Mathayo, na asisahau. Orsetti alifariki mwaka 1853. Miaka miwili baadaye Waredentoristi walinunua Villa Caserta, kiwanja ambacho ndani yake lilikuwa limesimama kanisa lililobomolewa, na Marchi akajiunga nao. Mwaka 1863 Mjesuiti mmoja, Francesco Blosi, alihubiri juu ya picha iliyopotea ambayo Bikira Maria alitaka ikae mahali fulani kati ya basilika mbili, na Waredentoristi wakagundua kwamba mahali penyewe ni kwao. Marchi akasema anajua picha iliko. Nikiulizwa nani katika historia yote hii anastahili sanamu, nitamtaja Orsetti kabla ya mapapa na wakuu wa mashirika.

Kilichofuata ndicho msingi wa hoja yangu. Mkuu wa Waredentoristi, Nicholas Mauron, alimwendea Papa Pio wa Tisa tarehe 11 Desemba 1865 akiwa na ombi la maandishi. Papa aliandika jibu nyuma ya karatasi ileile: picha irudi mahali pake kati ya basilika mbili, na Mauron awape Waagostiniani wa Posterula picha nyingine inayofaa badala yake. Januari 1866 Marchi na mwenzake walikwenda kuichukua. Mchoraji Mpolandi aitwaye Leopold Nowotny akaikarabati. Tarehe 26 Aprili ikazungushwa mitaani kwa maandamano na kuwekwa ilipo sasa. Tuangalie vizuri nani alipata na nani alikosa. Waagostiniani walikuwa wameitunza tangu kanisa la Mtakatifu Mathayo lilipokuwa lao, waliiokoa isiharibiwe na Wafaransa, na hakuna aliyewashtaki kwa kosa lolote. Waredentoristi, shirika lililoanzishwa mwaka 1732 katika Ufalme wa Napoli, hawakuwa na uhusiano wowote na picha isipokuwa mmoja: walikuwa wamenunua ardhi ambayo iliwahi kukaa. Papa aliamua kwamba mahali pana haki kuliko mwenye kushika. Aliamua pia kwamba aliyeshika, hata kwa nia njema na kwa miaka 68 tangu kanisa libomolewe, anaweza kuombwa aachilie na apewe nyingine, na ibada yake haitapungukiwa kitu. Sina ugomvi na uamuzi huo. Nasema tu kwamba hoja hiyo ukiivuta nyuma hatua moja zaidi haiishii Via Merulana. Inavuka bahari hadi Krete.

Pingamizi la kwanza, na ndilo lenye nguvu kuliko yote, ni kwamba habari ya wizi huenda ni ngano tu. Wanahistoria wana hati ya mkataba wa Julai 1499, miezi michache tu baada ya picha kuwekwa kwa Mtakatifu Mathayo, ambao kwao wafanyabiashara wawili waliagiza kwa wachoraji watatu wa Candia picha 700 za Bikira Maria, 500 kwa mtindo wa Kilatini na 200 kwa mtindo wa Kigiriki. Hiyo ilikuwa biashara kubwa ya kawaida. Meli zilibeba Mama wa Mungu pamoja na divai na jibini. Inawezekana kabisa kwamba picha yetu ilinunuliwa kwa fedha halali, na kwamba simulizi la mwizi anayetubu lilitungwa baadaye kuipa heshima, kwa kuwa Wakristo wa Zama za Kati walipenda sana hadithi za masalia yaliyoibwa ambayo kumbe yenyewe yalitaka kuhama. Nalikubali hilo kama uwezekano. Lakini anayelitumia pingamizi hili hana budi kulibeba lote. Wizi na maono ya binti viko katika hati moja. Haiwezekani kusoma sehemu ya pili kwa sauti mbele ya waumini na kuiita historia, halafu sehemu ya kwanza ukaiita ngano pale mtu anapouliza habari za mwenye mali. Na Pio wa Tisa aliichukulia hati hiyo kwa uzito, maana agizo la mahali kati ya basilika mbili halina chanzo kingine.

Wengine watajibu kwamba maono yenyewe yanamaliza mjadala: Mama alichagua Roma, sisi ni nani tupinge? Naliheshimu jibu hilo kwa mtu anayelitoa kwa imani. Hata hivyo hati hiyohiyo inasema kule Krete alikuwa anatenda miujiza na haikuandikwa popote kwamba alilalamika kukaa huko. Zaidi ya hayo, mapokeo ya Kanisa hayajawahi kufundisha kwamba ufunuo wa mtu binafsi unaweza kuifuta amri ya saba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2412, inasema wazi kwamba haki inadai kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe, na inamtaja Zakayo. Kila mkatekumeni wa kigangoni anafundishwa kwamba mwenye kuungama wizi wa mbuzi hana budi kumrudisha mbuzi, au thamani yake. Ukisoma hati ya picha kwa jicho hilo utaona kwamba hata mfanyabiashara yule alitubu nusu. Aliagiza picha ipelekwe katika kanisa fulani la Roma. Hakuagiza irudishwe katika lile alikoitoa.

Inashangaza kwamba haya yote yako chini ya paa la Alfonsi wa Liguori, mwanzilishi wa Waredentoristi. Mtakatifu huyo alikuwa wakili mjini Napoli kabla ya kuiacha sheria baada ya kushindwa kesi kubwa mwaka 1723. Aliandika kitabu kinene cha teolojia ya maadili ambacho mapadre waungamishi walikitegemea kwa vizazi, na wajibu wa kurudisha mali ya watu una sehemu yake kubwa humo. Mwaka 1950 alitangazwa msimamizi wa waungamishi na wanateolojia wa maadili. Hakuna shirika katika Kanisa lililo na wanasheria wa dhamiri wengi kama Waredentoristi. Wao ndio watakaojua kujibu swali la muda: je, miaka 500 si mingi mno? Sheria ya Kanisa inatambua kwamba umiliki wa muda mrefu unaweza kuzaa haki. Kanuni ya 1270 inataja miaka 100 kwa mali ya Kiti Kitakatifu na miaka 30 kwa mali ya taasisi nyingine za Kanisa. Lakini kanuni ya 198 inaweka sharti lisilohamishika, kwamba mwenye kushika awe na nia njema, na si mwanzoni tu bali muda wote. Nia njema ya mtu anayetundika kando ya kitu maelezo ya namna kilivyoibwa ni jambo ambalo ningependa kusikia wanasheria hao wakilitetea. Huenda watasema Waagostiniani wa mwaka 1499 waliamini kwamba Mbingu zimewapa. Naam, ila hilo linaturudisha kwenye maono.

Lipo pia jibu la ulinzi: kama picha ingebaki Krete ingepotea. Kisiwa kilivamiwa na Waturuki, Candia ikazingirwa kwa zaidi ya miaka 20 na kuanguka mwaka 1669, na Francesco Morosini, jemadari wa Venice, aliondoka na picha nyingine mashuhuri ya Bikira Maria ambayo mpaka leo iko katika Kanisa la Santa Maria della Salute. Ni kweli. Ila Roma nayo haikuwa salama. Huko ndiko kanisa lilikobomolewa, na huko ndiko picha ilikokaa miongo kadhaa gizani, kumbukumbu yake ikining'inia kwenye uhai wa mzee mmoja asiyeona vizuri. Krete kwa upande wake ina picha nyingi za karne hizo zilizovuka utawala wa Waturuki. Na sisi wa pande hizi tunalijua vizuri jibu la ulinzi kwa sababu tumepewa mara nyingi: vitu vyenu viko salama kwetu, vina hewa ya kipimo sahihi, vinaonwa na watu wengi zaidi. Wamijikenda waliambiwa hivyo kuhusu vigango, nguzo za ukumbusho wa wafu wao, vilivyong'olewa na kuuzwa Marekani. Wapokomo wanaambiwa hivyo kuhusu ngoma yao kuu, Ngadji, iliyoko London tangu zama za ukoloni. Mkristo wa Kiafrika anayetaka vigango virudi Kaloleni, halafu akaona si neno ubao wa Krete kubaki Roma kwa kuwa anaupenda, anastahili kukumbushwa kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kuna mtu atasema mfano huo hauendi, kwa kuwa hatujui kwa hakika picha iliibwa kanisa gani, na hivyo hatujui ni nani wa kurudishiwa. Kwa kweli yupo anayedai. Monasteri ya Kera Kardiotissa, katika milima ya mashariki mwa Krete, inasimulia kwamba picha iliyoibwa mwaka 1498 na kupelekwa Roma ilikuwa yake. Madai hayo yana udhaifu: sura ya Mama iitwayo Kardiotissa kwa kawaida humwonyesha Mtoto akiwa ameegemeza shavu kwenye shavu la mama, na picha ya Roma haiko hivyo. Pengine monasteri imejitwalia hadithi ya mahali pengine, kama ambavyo hutokea. Lakini tukumbuke fuvu la Mtwa Mkwawa. Chifu wa Wahehe alifariki mwaka 1898, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza kirudishwe, na hakuna kilichotokea mpaka gavana Edward Twining alipokwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu mengi, akalichagua moja kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa marehemu. Mwaka 1954 lilirudishwa Kalenga. Wapo wataalamu wanaotilia shaka kama ndilo. Wahehe walilipokea, kwa sababu kurudishwa kulikuwa ni kukiri kwamba kuna jambo lilitendeka. Ubao wa Roma una ushahidi wa asili yake kuliko fuvu lile, angalau kwa kisiwa, na kama hakuna uhakika wa monasteri basi kuna Kanisa la Krete zima, ambalo ni la Kiorthodoksi chini ya Patriarki wa Konstantinopoli.

Hapo ndipo wengine wanapokwama. Kuwapa Waorthodoksi? Kanisa Katoliki limekwisha kufanya hivyo mara nyingi, na kwa vitu vizito zaidi. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita alirudisha Patras, Ugiriki, fuvu la Mtume Andrea, ambalo halikuibwa na Roma hata kidogo; lilikuwa limeletwa na mkuu mmoja wa Kigiriki aliyekimbia Waturuki katika karne ya 15. Mwaka 1966 Venice ilikirudishia kisiwa hichohicho cha Krete fuvu la Mtakatifu Tito, yule ambaye Paulo alimwacha huko aziweke sawa habari za Kanisa. Mwaka 2004 Yohane Paulo wa Pili aliipeleka Moscow picha ya Bikira Maria wa Kazan aliyokuwa akisali mbele yake katika makao yake, ijapokuwa wataalamu walikuwa wamekwisha kusema ni nakala na siyo ile ya kwanza. Mwaka huohuo masalia ya Yohane Krisostomo na Gregori wa Nazianzo yalikwenda Konstantinopoli. Katika orodha hiyo Mama wa Msaada wa Daima hana upekee, isipokuwa kwamba kwake kuna hati ya wizi, na kwa wengine wengi haikuwepo.

Nimeacha kwa makusudi pingamizi linalogusa mioyo zaidi: waumini. Papa Pio wa Tisa, kwa mapokeo ya Waredentoristi, aliwaagiza waitangaze picha hiyo duniani kote, nao walitii kwa bidii isiyo na mfano. Mwaka 1922 kanisa lao la St. Louis, Marekani, lilianza sala ya kila wiki ambayo ilienea kama novena ya daima. Huko Belfast iliwakusanya Wakatoliki kwa maelfu kuanzia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Singapore mtaa mzima na kituo cha treni vinaitwa Novena kwa sababu ya kanisa lao. Huko Baclaran, Manila, ilianza mwaka 1948 na watu wachache. Leo Jumatano ya Baclaran inasimamisha magari, na barua za waumini za kuomba na kushukuru husomwa hadharani. Februari 1986, mafundi wa kompyuta waliokataa kushiriki kupotosha hesabu za kura za Rais Ferdinand Marcos wa Ufilipino walipotoka kazini, walikimbilia katika kanisa hilo. Historia hiyo yote, pamoja na ya parokia zetu, ilitendeka mbele ya nakala. Nyingi ni karatasi iliyochapishwa na kutiwa kioo. Mama wa Baclaran aliyeandikiwa barua na wafanyakazi wa ndani walioko Ghuba ni nakala, na hakuna padre aliyewahi kuwaambia waumini kwamba sala zao zitachelewa kwa kuwa ubao wa jozi uko Via Merulana. Ibada hii imejithibitisha kwa namna ambayo ibada chache zimeweza: haihitaji kitu chake cha asili. Altare ya Mtakatifu Alfonsi ikiwekewa nakala nzuri, kama Waagostiniani walivyoambiwa mwaka 1866 waridhike na picha nyingine, hakuna novena hata moja itakayokufa.

Msomaji makini atanigeuzia hoja hiyo. Kama nakala inatosha, kwa nini Krete nao wasitosheke na nakala? Monasteri ya Kera yenyewe ina picha ya mwaka 1735 iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza, na mahujaji wanaiheshimu kama ya miujiza, hasa sikukuu ya kuzaliwa kwa Bikira Maria, tarehe 8 Septemba. Wao pia hawakupungukiwa sala. Nakubali kwamba kwa upande wa sala pande zote mbili ziko sawa, na ndiyo maana sioni kwamba hili ni suala la sala. Pale ambapo hakuna mwenye kuhitaji kitu kuliko mwenzake, kinachobaki ni nani alinyang'anywa, na kwa swali hilo hati imekwisha kujibu.

Sitarajii sanduku lipakiwe mwezi ujao. Kwa kanuni ya 1190 picha inayoheshimiwa sana na watu haiwezi kuhamishwa kwa kudumu bila ruhusa ya Kiti Kitakatifu, kwa hiyo mwamuzi ni Papa, na wa kumwomba kwa haki ni Waredentoristi wenyewe, kama Mauron alivyomwomba mtangulizi wake. Hatua ya kwanza ingeweza kuwa ndogo: picha ipelekwe Heraklion kwa msimu mmoja, ipokewe na Askofu Mkuu wa Kiorthodoksi pamoja na Wakatoliki wachache wa kisiwa hicho, na wataalamu wa pande zote mbili wakae na hati, vipimo vya ubao na madai ya Kera. Na kabla ya hapo kuna jambo lisilohitaji ruhusa ya Roma, ambalo paroko yeyote wa Morogoro au Machakos anaweza kulifanya kuanzia novena ijayo: pale anaposimulia historia ya picha, asianzie Roma mwaka 1499. Aanzie kanisani Krete, siku mfanyabiashara yule alipoingia, na awaambie waumini kwamba katika kanisa lile kulikuwa na watu waliofika kusali wakakuta ukuta mtupu.